Bunduki Kubwa Katika Banda la Mama

Kila nisikiapo kompresa ikinguruma nyuma ya ua wa mtu hapa Malindi, miguu yangu husimama yenyewe. Kwanza hunusa. Nikipata harufu ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, hutazama upepo unaelekea wapi, kisha hutafuta moshi wa jiko. Nimewahi kubisha hodi kwa watu nisiowajua nikamwomba mama aliyekuwa akikaanga viazi kwenye makaa auzime moto, mpaka kijana wa upande wa pili wa ukuta amalize kupuliza rangi gari lake. Wengine hunishukuru. Wengine huniona mzee aliyechanganyikiwa. Mama mmoja wa mtaa wa Barani aliniuliza, "Baba, kwani wewe ni askari wa zimamoto?" Nikamwambia hapana, mimi ni fundi rangi mstaafu, nami naogopa.

Wanaonijua watashangaa kusoma neno hilo, kwa sababu mimi si mtu wa kuogopa, wala si mtu wa kuficha aliyoyapata. Nimezaliwa na mama mjane aliyeuza vitumbua. Sikurithi shamba, wala nyumba, wala jina. Nilikwenda Mombasa kwa miguu yangu, nikapanda meli kwa kazi ya kusugua sitaha, nikashukia mji mmoja wa bandari kule Uingereza, na huko mchana nikaosha magari, jioni nikasoma. Nikatoka na diploma ya upakaji rangi magari. Mwalimu wetu alipotaka kuwaonyesha wenzangu mlango uliopulizwa sawasawa, aliwaonyesha wangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi katikati ya miaka ya themanini na sanduku la chuma, diploma ndani ya fremu ya kioo, na bunduki tatu za kupulizia rangi zilizofungwa kwa fulana zangu za sufi. Nyinyi vijana swali lenu kwangu halibadiliki: "Mzee, nataka kupaka gari langu mwenyewe nyumbani, ninunue bunduki gani?" Nitawajibu, lakini nitawajibu pamoja na yaliyonipata, maana jibu bila hofu yake halitawafaa.

Bunduki ya kwanza ina kikombe chini. Hewa hupita kwa kasi mdomoni na kuivuta rangi kutoka kikombeni, kama mtu anavyovuta maji ya dafu kwa mrija. Ni nzito, inabeba rangi nyingi, na inameza hewa bila kushiba. Sehemu kubwa ya rangi yake haikai garini. Inaruka, inajaa chumbani, inaingia puani na ukutani na kwenye nguo za jirani. Bunduki ya pili ina kikombe juu. Rangi hushuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo haidai hewa nyingi, na ukungu wake ni mdogo. Ya tatu haina kikombe, rangi hukaa katika chungu cha chuma pembeni na kusukumwa kwa mpira mrefu. Hiyo ni ya mabasi na malori. Isahau.

Kwa mtu wa nyumbani, chukua ya kikombe juu. Tundu la mdomo liwe kama milimita moja na nusu kwa rangi ya mwisho, kubwa kidogo kwa rangi ya msingi. Usinunue kwa kutazama mng'aro. Toa sindano iliyo ndani, iviringishe juu ya kioo. Ikicheza, imepinda, irudishe. Kisha mwambie muuzaji aiunge kwenye hewa, tia maji kikombeni, piga juu ya kipande cha katoni. Alama iwe kama yai refu, pande zote sawa. Ikitoka kama mwezi mwandamo, kuna tundu la hewa lililoziba upande mmoja. Na kabla ya hayo yote iulize kompresa yako ina pumzi kiasi gani. Bunduki kubwa kwenye kompresa ndogo hukohoa, na kila ikikohoa inakutemea matone juu ya boneti.

Mengi ya hayo sikuyajua kwa diploma. Nilifundishwa kabla sijasafiri, na Fundi Kanji, mzee wa Kihindi ambaye ndugu zake wote walikuwa na maduka na yeye peke yake akachagua kuchafuka. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya kwendea Magarini. Kila asubuhi alifungua koki chini ya tangi la kompresa akamwaga maji, kwa kuwa hewa ya pwani yetu ina unyevu, na unyevu ukiingia kwenye rangi unaiachia ukungu mweupe kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Kisha alipuliza hewa tupu juu ya kioo. Kioo kikitoka jasho, alikaa akanywa chai mpaka jua lipande.

Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa pikapu ya Ngomeni iliyokuwa ikibeba chumvi. Niliipiga msasa vizuri, nikaipaka vizuri, ila sikuiosha kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari. Haukupita muda rangi ikaumuka kama maandazi. Fundi Kanji akanipeleka kwenye bawa la gurudumu la mbele.

"Lamba."

"Nilambe gari, Fundi?"

"Lamba. Unaonja nini?"

"Chumvi."

"Basi hukupaka gari. Umepaka achari."

Nililamba gari mbele ya wateja wanne, na tangu siku hiyo sijapaka chombo chochote bila kukiosha. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Lakini niliporudi na fremu yangu ya kioo niliona nimemwacha mbali. Yeye alikuwa bado na bunduki yake ya zamani ya kikombe juu, imefungwa waya mahali pa skrubu.

Sikuwa na karakana bado. Nilikuwa nimenunua Pijo 504 kuukuu, injini nzima, rangi imekufa kwa jua, nami nilitaka ipakwe nyumbani kwa mama, itoke uani inang'aa, mji mzima ujue nani amerudi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la kuta za mawe na paa la makuti. Lilikuwa na milango miwili: mmoja mkubwa wa kutokea uani, na mwingine mdogo wa kuingilia ndani ya nyumba kwa ujia mwembamba. Sakafu ya ujia ilikuwa juu kuliko ya banda kwa ngazi moja. Ikumbukeni ngazi hiyo.

Ilikuwa kaskazi, vumbi linaruka. Ng'ambo tulipulizia ndani ya chumba kilichofungwa, kwa hiyo nami nikalifunga banda. Nikapigilia karatasi za plastiki kutani na chini ya makuti, nikaziba madirisha, nikaning'iniza plastiki nzito mlango mdogo, nikamwagia sakafu maji. Kwa macho, kilikuwa chumba cha ng'ambo kabisa. Kitu kimoja sikukileta. Kule ukutani kulikuwa na pangaboi kubwa kama mlango, linalovuta mvuke usiku na mchana na kuutupa nje. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kule, pangaboi lile lilinguruma nyuma ya mgongo wangu mpaka nikaacha kulisikia.

Fundi Kanji alikuja kunitazama siku ya kupuliza, baada ya adhuhuri. Mama yangu, Bi Mwanasiti, alikuwa amempelekea habari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umerudi na ratili ngapi za ujuzi, Bwana Diploma?"

"Za kukutosha wewe na wajukuu zako."

Akacheka. Akaingia, akatazama plastiki, akatazama makuti, akaacha kucheka. Akaichukua ile bunduki ya kikombe chini akaipima mkononi.

"Utapuliza kwa hii? Hii ni ya kupaka meli."

"Fundi, kwa bunduki hiyo gari zima ni nusu saa. Nimekodi kompresa ya injini ya dizeli, ile pale uani. Pumzi haitapungua."

"Sikuulizi habari ya pumzi ya kompresa. Umeziba ili vumbi lisiingie. Na mvuke utokee wapi?"

"Utajijua wenyewe."

"Haujijui. Wewe unadhani mvuke wa thina unapanda kama moshi. Unashuka. Unatambaa chini, unakaa kama maji kwenye birika, unangoja. Chukua bunduki ndogo, fungua mlango mkubwa na madirisha. Vumbi likiingia kwenye rangi utalipiga msasa. Mvuke huupigi msasa."

"Fundi, kwa heshima yako yote, ulinilea vizuri, lakini dunia imekwenda mbele."

"Haya. Nenda nayo. Mimi nitabaki nyuma hapa."

Akachovya gunia kwenye ndoo, akaenda kukaa karibu na kompresa, gunia bichi mapajani kama mtu anayelea mtoto.

Msidhani nilikuwa mjinga kabisa. Mama nilimwambia asipike siku hiyo, naye hakupika. Nilikwenda mwenyewe jikoni nikashika majivu, yalikuwa baridi. Lakini ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri, tangu nikiwa tumboni, mama yangu alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi na ubani, akapita chumba kwa chumba kuufukiza usiku wa Ijumaa unaoingia. Kila mtoto wa mji wetu analijua hilo. Mimi nililijua pia. Miaka ya ng'ambo ilikuwa imenifutia Alhamisi. Kupika nilimkataza, kufukiza hakukunijia akilini.

Nikavaa kinyago changu, nikafunga mlango mkubwa, nikaanza. Nikakoleza hewa. Bunduki ile ilitema ukungu mwekundu mpana kama mkeka. Nilipaka paa, nikapaka mlango wa kulia, mkono wangu unakwenda kama ulivyofundishwa, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi. Nilipofika kwenye boneti sikuweza tena kuona mwisho wa gari. Macho yalichoma. Ovaroli yangu ilikuwa imelowa rangi na thina mpaka magotini, maana kikombe kilivuja nilipokiinamisha. Kichwa kikawa chepesi. Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Niliinua uso kuutafuta upepo, ukakosekana.

Nikaona nukta nyekundu.

Ilikuwa nyuma ya plastiki ya mlango mdogo, ndani ya kiza cha ujia, inakuja polepole kwa urefu wa kiuno cha mtu. Plastiki ikasukumwa kwa bega. Mama yangu alikuwa amesimama juu ya ngazi, chetezo mkononi, makaa yamekolea, udi unatoa moshi. Mdomo wake ulikuwa ukisema kitu. Nikaachia kifyatuo, nikavuta kinyago shingoni.

"...nyumba nzima inanuka kama duka la mafuta ya taa," alikuwa akisema. "Hata Ijumaa yaingia nyumba inanuka! Na gari jipya haliachwi hivi hivi, macho ya watu mabaya. Nitakiweka hapa chini litiwe moshi."

Akainama kidogo. Alitaka kushuka ngazi ile moja na kukiweka chetezo sakafuni, mbele ya gurudumu, kama mnavyojua chetezo kinavyowekwa chini ili mtu asimame juu yake afukizwe.

Nataka mwelewe jinsi nilivyosimama. Mvuke wote wa bunduki ile kubwa ulikuwa umelala sakafuni, umefungiwa humo nami, na juu yetu makuti makavu ya miaka mingi. Kilichomtenga mama yangu na kifo kilikuwa ngazi moja. Mwili wangu ulitaka kuruka nikamshike. Lakini mimi ndiye niliyelowa thina. Katika banda lile hakuna kilichokuwa karibu na moto kuliko mimi. Nikimsogelea, nitakuwa utambi. Nikipiga kelele, atashtuka, chetezo kitamponyoka.

"Mama, simama hapo hapo," nilisema. "Usishuke."

"Nini?"

"Usikiweke chini. Rudi nyuma."

"Nimekuja kukufukizia, wewe wanifukuza?"

"Mama, kuna hatari."

"Hatari gani ya udi? Nimefukiza nyumba hii kabla hujazaliwa." Mguu wake wa kulia ukatafuta ukingo wa ngazi. "Si ndiye wewe jana uliyemwambia jirani hapa barazani kwamba wewe hukosei? Ati ng'ambo mpaka wazungu wenyewe walikuja kukuuliza?"

"Mama, ujuzi wangu unaniambia..."

"Ujuzi, ujuzi! Tangu uje nyumba hii hailali kwa ujuzi."

Mguu ulikuwa hewani. Nilitafuta neno la kumzuia, na kila neno nililolishika lilikuwa neno la mtu anayejua, na maneno ya mtu anayejua alikuwa ameyachoka. Kisha neno likatoka lenyewe, dogo, kama la mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, nimekosea."

Mguu ukasimama palepale.

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu ndani ya ule ukungu mwekundu. "Umesemaje?"

"Nimekosea, mama. Nimekosea vibaya. Kishike kwa mikono miwili. Rudi nyuma taratibu, usigeuke ghafla, utoke nacho mpaka barabarani."

Hakuuliza tena. Akaurudisha mguu juu. Akashika chetezo kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa mpaka ukingoni, akaanza kurudi kisigino kwa kisigino, macho yake kwangu. Udi ukalia, ta! Kipande cha kaa, kidogo kama punje ya kunde, kikaruka kikaanguka juu ya ngazi. Yeye hakukiona. Mimi nilikiona.

Kilikaa pale, chekundu, shubiri moja kutoka ukingoni. Mama alikuwa bado ndani ya ujia. Sikuthubutu kuufungua mlango mkubwa, maana upepo ungeingia na kuusukuma mvuke umfuate na moto wake. Nilisimama nikisikiliza nyayo zake. Sijawahi kusikiliza kitu hivyo, wala kabla, wala baada. Niliposikia komeo la mlango wa mbele likifunguliwa, nikaivua ile ovaroli. Nikavua na fulana. Nikabaki na kaptura ya ndani, ngozi tupu.

Nje sauti ya kompresa ilikuwa imebadilika, kwa kuwa bunduki haikuwa ikinywa hewa. Fundi Kanji aliijua maana ya sauti hiyo. Akaizima injini, akaingiza kichwa kwenye ufa wa mlango mkubwa, akaniona nusu uchi, akafuata macho yangu mpaka kwenye ngazi. Akanisukumia gunia bichi kwa mguu, kwenye sakafu, polepole.

Nililichukua. Kutoka pale mpaka kwenye ngazi ni hatua saba. Niliziendea nikiwa nimebana pumzi, kana kwamba pumzi yangu ingelipuliza lile kaa. Nililiteremsha gunia juu yake kama mtu anavyomfunika mtoto asiamke. Likafanya "tsss". Niliketi juu yake, nikakaa hivyo hivyo, mpaka Fundi alipofungua mlango mkubwa na kuanza kuchana plastiki yangu yote kutani.

Baadaye, uani, mbali na banda, alinionyesha kitu. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akatia thina kizibo kimoja cha soda, akarudishia kifuniko, akangoja. Alikuwa ametoboa tundu ubavuni. Akafunga njiti ya kibiriti kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaiwasha, akaisogeza tunduni, uso ameugeuza. Kifuniko kiliruka kikapita juu ya ukuta wa jirani na kuku wote wakapiga kelele.

"Kizibo kimoja," akasema. "Wewe mle ndani ulikuwa na vizibo vingapi, Bwana Diploma?"

Nilikwenda nikaifungia ile bunduki kubwa ndani ya sanduku la chuma.

Gari nililipaka tena wiki iliyofuata kwa bunduki ya kikombe juu, milango na madirisha wazi, pande mbili kwa siku. Vumbi liliingia, nikalipiga msasa, na lilitoka zuri. Kazi ya rangi niliifanya miaka mingi baada ya hapo, Malindi na Kilifi, na hakuna fundi wa enzi yangu atakayesema mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Kwa hiyo nunueni bunduki ndogo. Pakeni nje au milango ikiwa wazi, injini ya kompresa iwe mbali upande upepo unakotoka, na kabla ya kufyatua pitieni nyumba za jirani mjue nani ana moto na siku hiyo ni siku gani. Vaeni kinyago cha kweli. Wale waliotuambia kikombe cha maziwa husafisha kifua walishakufa kwa kifua.

Lakini hayo ya mama sijayamaliza. Jua lilipokuwa linashuka siku ile tuliketi barazani, mimi na yeye.

"Makaa uliyapata wapi?" nilimuuliza.

"Kwa jirani. Wewe ulisema nisiwashe jiko. Sikuwasha."

"Kweli hukuwasha."

Akachambua kijiti cha udi kutoka kwenye upindo wa kanga yake, akakitazama, akakirudisha.

"Nilikuwa nashuka," akasema. "Hatari zako sikuzisikia. Wewe tangu mdogo kila kitu chako ni kikubwa. Lakini uliposema umekosea, damu yangu iliganda. Nimekuzaa, nimekulea, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwako. Nikajua hapa pana mauti."

Nikaanza kubandua rangi nyekundu iliyokaukia kwenye kucha zangu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Na lau ungeona haya kulisema?"

Ametangulia mbele ya haki siku nyingi sasa, nami bado hubisha hodi kila nisikiapo kompresa.